Mdogo wangu hakuwa anaficha makucha

Mhariri,

Msomaji mwenzetu aliandika wiki iliyopita kwamba mtu mzima akibadilika tabia, basi siku zote alikuwa anaficha makucha. Naomba nafasi nimjibu, maana maneno hayo yameingia nyumbani kwangu.

Mdogo wangu ni mkwezi hapa Mikindani. Ameangulia watu nazi tangu ana miaka 16, na haijasikika ameondoka na dafu lisilo lake. Mwaka juzi alianguka, paji la uso likagonga kisiki. Hospitali walimshona, wakamlaza siku 4, wakamruhusu na vidonge vya maumivu. Tukamshukuru Mungu: anatembea, anaongea, anatutaja sote kwa majina. Mwezi haukuisha. Matusi mbele ya mama. Akavunja kibubu cha ada za watoto, akanunua redio, na jioni ile ile akaigawa. Wifi yangu alivumilia, mwisho akarudi kwao Nachingwea. Kwa mganga walikwenda mbuzi 2.

Aliyenifungua macho ni tabibu mmoja kijana, alinisimulia habari za Phineas Gage, nyapara wa reli kule Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, ikarusha mtaimbo wa zaidi ya mita 1 ukamwingia shavu la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mtu makini amekuwa mtukanaji asiyeshika mpango wowote, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Mwaka 1994 watafiti walilipima fuvu lake, wakaonyesha kwa kompyuta kwamba chuma kiliumiza sehemu ya mbele ya ubongo, hapo nyuma ya paji. Ndiyo inayotusaidia kujizuia na kupima jambo kabla ya kulitenda. Kumbukumbu na maneno vinaweza kubaki salama, kizuizi kikaondoka.

Sisemi malezi si kitu. Huyo huyo Gage baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa, kazi ya saa maalumu na njia ile ile. Hapo ndipo nilipopata wazo. Sasa mdogo wangu kila asubuhi anafua nazi kwa mjomba, kifuo kile kile, saa ile ile, hela naipokea mimi. Matusi yamepungua. Hayajaisha.

Ninachoomba kwa wahudumu wa afya wa mikoa yetu hii ni dakika 5 tu. Aliyeumia kichwa akiruhusiwa, aitwe mkewe au mama yake, aambiwe wazi kwamba tabia inaweza kubadilika, na ikibadilika wamrudishe hospitali. Wakwezi wanaanguka, na bodaboda ndiyo usiseme. Wifi yangu angeyasikia hayo pale wodini, sidhani kama angefungasha.

Dada wa mkwezi,
Mikindani, Mtwara