Na ile nyekundu pia mweleze

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Barua hii atakuletea mjomba wako akija huko. Nimeshika kalamu kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye simu unazisikiliza ukiwa jikoni, halafu unajibu la mwisho tu.

Video ya Idrisa akiwa skuli tumeiona. Mama yako kaionyesha mtaa mzima, hata muuza samaki kasimamishwa na baiskeli yake. Mtoto kapendeza, na kasema kwa sauti bila ya kubabaika: kijani ardhi, manjano madini, nyeusi watu, buluu maji. Lakini bendera ya Tanzania mmemfunga juu chini. Kijani ndiyo hukaa juu, upande wa mlingoti, na buluu chini, upande wa pili. Ule mkanda mweusi hupanda, unaanzia chini mlingotini unaishia juu nchani. Mjukuu wa mwalimu huyo!

Hilo dogo. Lililoninyima usingizi ni pale mwisho, alipokuuliza bendera ya kwa mama mkwe wako, "Na ile nyekundu ya ukutani kwa bibi?" nawe ukamwambia hiyo ya zamani, achana nayo. Salma, mtoto ukimwambia achana nayo, ndiyo umemtuma akaulize kwengine. Na Muscat wapo wa kumjibu. Atajibiwa na mtu ambaye historia yake inasimama Disemba 1963, kisha akija huku likizo atampata mwengine ambaye kwake yeye Zanzibar imeanza Januari 1964. Sitaki mjukuu wangu aokotwe na yeyote katika hao.

Mwambie nyekundu tupu ndiyo iliyokuwa bendera ya masultani, tangu Seyyid Said akitawala Muscat na Unguja kwa pamoja. Mtoe nje umwonyeshe bendera ya Oman anayoipita kila siku: ule wekundu umetoka huko huko, nyeupe na kijani wameziongeza mwaka 1970. Kisha Disemba 10, 1963, tulipopata uhuru kwa Mwingereza, ikatiwa duara la kijani katikati na karafuu mbili. Ile ilikaa mwezi na siku mbili. Atakuuliza kwa nini, na hapo ndipo ninapokujua, utakimbilia kumpakulia chakula.

Usikimbie. Mwambie katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP, chama cha Afro-Shirazi, walipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mwambie babu yangu mimi alizeeka akilima chini ya mikarafuu isiyokuwa yake. Halafu umwambie pia kwamba Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi, na siku zilizofuata waliuawa watu wengi ambao kosa lao lilikuwa sura na nasaba, na wengine wakakimbia na nguo za mwilini, ndiyo maana bibi yake huyo kazaliwa Malindi ya hapa Unguja akazeekea Muscat. Yote mawili yamo katika damu ya mtoto huyo. Ukimpa moja ukaficha la pili, bora ukae kimya. Mumeo naye ana la kwake la kusema, na haki anayo, lakini alisemeni pamoja. Kwetu yalikuwa yakianza mazungumzo haya tunafunga madirisha, basi nyinyi mmekua mnayajua madirisha tu.

Baada ya Mapinduzi zikapandishwa rangi za ASP: buluu, nyeusi, kijani. Aprili ukaja Muungano, na Juni 30 mwaka huo huo ndipo ikapatikana hii aliyofungwa. Tanganyika walikuja na yao ya kijani, nyeusi na mistari ya manjano, waliyoipandisha Disemba 9, 1961. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda akaifikisha kileleni Kilimanjaro. Anza na hiyo ukitaka, watoto wanapenda habari za mlima. Buluu ndiyo tuliyokwenda nayo sisi. Kwamba bendera yake imetokana na mbili, hilo sijamsikia akilitaja hata kidogo. Madini, madini! Unguja kuna madini gani? Na akija, nitampeleka Chukwani pale Baraza la Wawakilishi akaione na hii ya Zanzibar iliyorudi mwaka 2005, yenye ile ya Muungano ndogo pembeni, maana najua wewe hukumwambia.

Najua kazi ya zamu inakuchosha. Siku uliposajiliwa uuguzi huko nilikwenda Darajani sina cha kununua, ili watu waniulize tu habari zako. Lakini uchovu usiwe sababu. Nimeona ukimfundisha hesabu mpaka usiku.

Pesa zimefika, tumeshukuru. Fundi wa paa la uwani kachukua fedha za bati, kila nikimpigia yuko njiani. Chumba chako kinavuja, nimehamisha kitanda. Mama yako sukari imeshuka lakini hasikii, juzi nimemkuta na kashata chini ya upawa. Dawa zake za miguu mpe mjomba wako. Kasema usimtumie halwa, tena kanisisitiza niandike. Basi nimeandika. Mimi sina sukari.

Baba yako