Barua kwa mwanangu kabla hajachagua Hialeah

Hialeah, Florida
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwenu wewe, mama yako na bibi huko Ujiji. Nimefurahi kusikia kikohozi cha bibi kimepoa. Mwambie nimeipata salamu yake.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikakujibu harakaharaka kwa kuwa nilikuwa kazini, na tangu hapo moyo haujatulia. Umesema binamu wa rafiki yako aliwahi kukaa huku, akakwambia Hialeah si Marekani, ukienda utapotea. Shangazi yako wa Houston anakwambia nenda kwake, Waswahili ni tele. Na mimi ninakwambia njoo. Ukauliza, "Baba, nimsadiki nani?" Leo sina zamu, nimekaa na kalamu. Nitakuandikia watu wa hapa wanavyousema mji wao, hata yale yasiyonipendeza, maana sitaki uje halafu uniulize kwa nini nilikuficha.

Hialeah umegandana na Miami, upande wa kaskazini-magharibi. Unavuka mpaka bila kujua, mpaka uone namba za barabara zimebadilika, maana mji huu una namba zake na Miami ina zake. Wageni hupotea kila siku. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 223,109. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kiasi cha robo tatu ya mji mzima ni Wakuba au watoto wa Wakuba. Benki ni Kihispania, hospitali ni Kihispania, fundi wa tairi ni Kihispania. Hata heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wa kwenye bwawa la uwanja wa mbio za farasi asili yao ni Kuba. Waliletwa miaka ya 1930, kabla Wakuba wenyewe hawajaanza kumiminika. Nilikwenda kuwatazama wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa sina mtu wa kuzungumza naye.

Nianze na bibi mwenye nyumba. Mimi ninapanga upande wa nyuma wa nyumba yake, palipokuwa banda la gari, likawekwa jiko na choo. Nusu ya mtaa imejengwa hivyo, na vibali sidhani kama vyote vipo. Alifika 1967 akiwa na miaka 12, kwa zile ndege zilizolipiwa na serikali ya Marekani, zilizokuwa zikiwaleta Miami watu waliokimbia serikali ya Fidel Castro, kutoka Varadero huko Kuba, kati ya 1965 na 1973. Mama yake alikuwa mwalimu kwao. Hapa alikalia cherehani katika kiwanda cha nguo, na binti alipotimiza miaka 17 akakalia cherehani ya pembeni yake. Wakuba wana jina la utani la mji huu, agua, fango y factoría, yaani maji, tope na kiwanda, kwa sababu mvua ikipiga mitaa inageuka bwawa, na kazi ilikuwa ni ya kiwandani. Wakuba wenye fedha wa kule Coral Gables hulitaja kwa kuwabeua wenzao. Bibi hulitaja huku akinionyesha sakafu ya sebule yake kwa kidole. Sakafu hiyo ameilipa kwa mishono. Kwake yeye hakuna mji mwingine duniani, na ukimwambia Hialeah ni pabaya hakujibu, anakuwekea kahawa na kubadilisha mazungumzo.

Lakini bibi huyuhuyu, mwanangu, hawataki Wakuba wapya. Anasema hawakukimbia kitu, wamekuja kutafuta simu na viatu, mwaka haujaisha wanarudi Havana kutembea. Nilishangaa sana kumsikia. Kisha nikamsikia fundi bomba aliyekuja 1980 kwa mashua zilizotoka bandari ya Mariel huko Kuba, walipovuka watu wapatao 125,000 katika miezi michache, akinieleza jinsi watu wa rika la bibi walivyowapokea wao: waliwaita wahuni na wafungwa, wakakataa kuwapangisha vyumba. Na yeye fundi alipomaliza kulalamika akaanza kuwasema waliokuja kwa maboya 1994. Nimeishi hapa miaka tisa, na kila ninayemuuliza habari za Hialeah huwa namuuliza kwanza alifika mwaka gani. Akishanitajia, karibu najua atakachosema.

Kijana ninayefanya naye kazi alifika 2022. Wewe unajua ninafanya kazi ghala la baridi karibu na uwanja wa ndege, tunapokea maua ya Kolombia na Ekwado, mikono inakufa ganzi mwezi wa Februari. Huyu kijana ni wa Santiago de Cuba, mweusi kama sisi. Nikaragua ilipoondoa viza kwa Wakuba mwishoni mwa 2021, mama yake aliuza nyumba, naye kijana akapanda ndege hadi Managua, mji mkuu wa Nikaragua, na kutoka hapo akaja kwa miguu, mabasi na malori hadi kwenye mpaka wa Meksiko na Marekani. Mpakani alipewa karatasi moja ya kumwachia huru wakati kesi yake ikisubiri. Karatasi hiyo sasa ndiyo jinamizi lake. Kuna sheria ya 1966 inayomruhusu Mkuba kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja na siku moja, lakini wenye karatasi kama yake wanaambiwa hawakuingia kwa njia inayohesabika. Na wale walioingia kwa ndege kwa mpango wa ruhusa ya muda wa 2023, ruhusa yao imefutwa mwaka huu wa 2025. Siku ya kwenda kuripoti kwa watu wa uhamiaji ikikaribia, kijana hapati usingizi. Ananiachia funguo za gari na namba ya dada yake.

Nilimuuliza, pamoja na yote hayo, Hialeah ni mahali pazuri? Akasema ndiyo, umeme haukatiki na mtu akikuudhi unaweza kumjibu. Halafu akanyamaza, akasema neno ambalo sijalisahau: "Nikifungua mdomo mimi ni Mkuba. Nikinyamaza, mimi ni mweusi tu." Wakuba wa Hialeah wengi ni weupe, mwanangu, au wanajihesabu hivyo. Hakuna atakayekutukana barabarani. Lakini dukani utafuatwa kwa macho, kisha ukisema neno moja la Kihispania uso unakunjuka. Uzoee kuona hilo, wala usilichukulie kuwa ni jambo la kawaida. Weusi wenzetu, Wamarekani na watu wa visiwa vya Karibi, wako Opa-locka na Miami Gardens, dakika chache kwa gari. Ijumaa ninaswali Miami Gardens. Na Opa-locka, utacheka, ina mitaa inayoitwa Ali Baba na Sultan, maana mwanzilishi wake, rubani Glenn Curtiss, ambaye ndiye pia mmoja wa waanzilishi wa Hialeah, aliijenga kwa kuzifuata hadithi za Alfu Lela Ulela.

Ng'ambo ya barabara yuko mzee Mmarekani mweupe, fundi wa ndege mstaafu. Alizaliwa hapa mji ulipokuwa na watu chini ya 70,000 na Kiingereza kila mahali. Watoto wake walihama zamani, kama walivyohama karibu wote wa rika lao. Yeye anasema mji wake umechukuliwa angali hai. Anakwenda kununua dawa, anapewa maelezo asiyoyaelewa, katika nchi yake. Mwaka 1980 alipiga kura kaunti isitumie fedha kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Kura ikapita, na 1993 ikafutwa. Bado ina uchungu kwake.

Sitamcheka mzee huyu, na wewe usimcheke. Nilipofika niliomba kazi sehemu moja, na Kiingereza changu nilichokisomea usiku kwa kandili. Yule dada akanisikiliza, akatabasamu, akauliza kama najua Kihispania. Nikasema sijui. Akanirudishia karatasi zangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na zikafuata nyingine nne. Nilirudi nyumbani nikajiuliza nimekuja Marekani gani hii. Kwa hiyo binamu wa rafiki yako hakudanganya. Bila Kihispania hapa mlango unakuwa nusu.

Ninapotofautiana na mzee ni hapa: sisi wa Ujiji tulikua na Kiha sokoni, Kibembe cha watu wa ng'ambo ya ziwa, Kiswahili msikitini na shuleni. Lugha kwetu ilikuwa kitu cha kuongeza. Nikajifunza. Redio asubuhi, wenzangu ghalani mchana, bibi jioni. Ilinichukua miaka miwili kutania watu.

Sasa nikuonye jambo moja, usije ukalifanya kwa kutojua. Fulana zako zenye picha ya Che Guevara, mwenzake Castro katika mapinduzi ya Kuba, zile zinazouzwa Kariakoo na kubandikwa kwenye daladala, ziache. Mimi nilikuja nayo moja. Asubuhi ya Jumamosi nikaivaa kwenda kwenye dirisha la kahawa. Kila mtaa una duka lenye dirisha linalofunguka barabarani. Watu wanasimama nje, wananunua kahawa nzito yenye sukari, wanagawana katika vikombe vidogo, wanabishana. Ni kijiwe cha kahawa kabisa, kasoro kashata. Mzee mmoja aliitazama fulana yangu, mikono ikaanza kumtetemeka. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kaka yake alipigwa risasi katika ngome ya La Cabaña kule Havana mwaka 1959, na kwamba mtu huyo kifuani kwangu ndiye aliyekuwa mkuu wa ngome hiyo. Kisha akaacha kikombe chake kimejaa akaondoka.

Nilirudi nikaivua. Unajua babu yako alivyokuwa akituhadithia habari za mwaka 1965, Wakuba walipopita Kigoma usiku kuvuka ziwa kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, wakijiita kwa namba za Kiswahili, Moja, Mbili, Tatu, na Tatu ndiye Che mwenyewe. Kwetu ilikuwa hadithi ya fahari. Huku ndiko nilikojifunza nusu yake ya pili: Wakuba waliokimbilia Miami nao walikuwapo upande wa pili, wakirusha ndege na kuendesha boti za doria kwenye Tanganyika hiyohiyo kwa niaba ya Wamarekani. Ndugu kwa ndugu, kwenye maji tunayovulia migebuka. Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mzee nikamwomba radhi. Tukanywa kahawa. Hatujazungumza tena habari hizo, lakini kila Jumamosi ananiwekea nafasi kwenye kivuli.

Si kwamba wenyewe kwa wenyewe wanaafikiana. Wako Wakuba wenye dini ya asili, wanayoiita Santería, iliyotoka Afrika Magharibi na watumwa. Walipotaka kufungua nyumba yao ya ibada hapa 1987, baraza la mji lilipitisha amri za kukataza kuchinja wanyama kwa ibada. Mji tayari ulikuwa wa Wakuba! Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1993 majaji wote tisa wakazitupa amri hizo. Bibi mwenye nyumba, Mkatoliki, mpaka leo anaona ni aibu. Kijana wa ghalani, ambaye mama yake ni wa dini hiyo, anaona ni siku mama yake alipohesabiwa kuwa mtu. Mimi sichinji kwa jina lolote ila la Mwenyezi Mungu, na dini hiyo si yangu. Lakini nilipoisoma hukumu hiyo niliona mahali pangu pia pamelindwa, na nilishukuru.

Binti wa bibi ni nesi, amezaliwa hapa. Yeye ndiye anayeusema mji vibaya kuliko wote: foleni, kelele, magari yameegeshwa mpaka kwenye nyasi, kodi inapanda kila mwaka. Amehamia Pembroke Pines. Kodi ni kweli. Nilianza kwa dola 850, sasa nalipa 1,400, na bibi ananihurumia. Kila Jumapili binti huyo anarudi na watoto, anakula maharage meusi ya mama yake, anabeba mengine kwenye vyombo, na akifika mlangoni anaanza tena kuusema mji.

Chakula hakitakusumbua. Muhogo wa kuchemsha wanaumwagia kitunguu saumu na maji ya machungwa machungu. Magimbi yapo, bamia zipo, ndizi mbichi za kuponda wanaziita fufú. Mawese ndiyo huwa nayakosa. Ukija, niletee lita mbili, uzifunge vizuri.

Houston utapata Kiswahili, harusi na maulidi, na shangazi atakulea. Ukienda huko sitanuna. Nataka uje hapa kwa sababu nimekukosa miaka tisa, hiyo ndiyo sababu yangu, mengine yote ni maelezo. Ila usije kwa kunihurumia. Ukija, miezi sita ya kwanza utakuwa bubu, na nitakuwa kazini usiku.

Bibi amesema hutakaa kwangu nyuma. Ana chumba cha mwanawe aliyehamia Orlando, amekifungua wiki hii, amefua mapazia. Jana aliniuliza kama ni kweli hatuli nguruwe, maana mkesha wa Krismasi wao huchoma nguruwe mzima uani. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri kidogo, akauliza kuku anayechinjwa kwa dini yetu anauzwa wapi, na nimwandikie jina la duka.

Msalimie mama yako.

Wako baba