Somo, Storm hakuiba

Langoni, Lamu

Somo yangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila kusi limekaza na mashua nyingi zimefungwa. Kitabu chako, kile cha majabari wa Marvel na DC, nimekipata. Kondakta alikikabidhi pale Mokowe kama ulivyoagiza, kikavuka na boti ya abiria, na hakuna hata ukurasa uliolowa. Nilidhani nitakisoma mwenyewe usiku, nyumba ikitulia. Weee! Nyumba hii ikiona kitu chenye picha! Kilikuwa kimeshazunguka kwa kila mtu, na alama za mafuta ya mahamri zimeshaingia, kabla mimi sijafika katikati. Utanisamehe kwa hayo mafuta.

Nianze na penseli yako. Mtu anayeandika WIZI WA KURA pembeni mwa kitabu cha bei hii, pale Storm anapomshinda Wonder Woman kwa kura za wasomaji, ana lake moyoni, na mimi lako nalijua. Nakukumbuka ulivyokuwa ukijifunga kamba ya kuanikia nguo kiunoni, kama ile kamba ya Wonder Woman ya kusemesha watu kweli, na kutuambia sote tuseme kweli. Hukukubali mwengine awe Wonder Woman hata kwa dakika moja. Basi najua unaumia wapi. Lakini Storm hakuiba, somo. Alichaguliwa, na huyo aliyemchagua ndiye wa kulaumiwa kama kuna wa kulaumiwa.

Wenzangu hapa ilibidi niwaeleze toka mwanzo, maana walikuwa wanaona tu watu wenye nguo za kubana wanarushana ukutani. Nikawaambia, Marvel na DC ni kampuni mbili za Marekani za vitabu vya picha ambazo zimekula miaka zikiviziana; Storm ni wa Marvel, Wonder Woman ni wa DC. Mwaka 1996 zikakubaliana kutoa hadithi moja ya sehemu nne: DC ikachapisha ya kwanza na ya nne, Marvel ya pili na ya tatu, na jina la mbele likawa linageuka kwa zamu, kila mmoja akianza kutajwa kwenye sehemu zake. Wakubwa hawa na tabia zao za kitoto! Kisa chenyewe ni chepesi. Kuna ndugu wawili, kila mmoja ndiye ulimwengu wa kampuni moja, wanagundua kwamba hawako peke yao, wanaanza ugomvi, na majabari wao wanapiganishwa. Upande utakaoshindwa unafutika. Mapambano ni kumi na moja. Sita waliamua waandishi, matano wakaachiwa wasomaji wapige kura.

Mzee wetu alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha kamba, anasikiliza huku anajifanya hasikilizi. Akauliza, "Na hao wapiga kura wengi wao walikuwa wa nani?" Somo, nilicheka, maana swali hilo tu linatosha kuwa jibu la penseli yako. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men, kundi la kina Storm, liliuza zaidi ya nakala milioni nane. Toka 1992 wakawa na katuni yao ya televisheni, na watoto wa Marekani wakawa wanaamka Jumamosi asubuhi na Storm anawaitia mawingu sebuleni. Wonder Woman wako alikuwa na nini miaka hiyo? Kipindi chake cha televisheni kilikwisha mwaka 1979. Kura haikuuliza nani ana nguvu zaidi. Iliuliza unampenda nani, na waliompenda Storm walikuwa wengi. Tazama na wengine waliopita kwa kura: Superman kamshinda Hulk, Batman kamshinda Captain America, Spider-Man kamshinda Superboy, Wolverine kamshinda Lobo. Hakuna hata mmoja wa kushangaza. Matokeo hayo ningeweza kukupa kabla hawajahesabu.

Nitakalokubaliana nawe ni kwamba pambano lenyewe limesimuliwa vibaya. Wonder Woman alikuwa ameokota nyundo ya Thor, ile ambayo haiinuliki na yeyote ila anayestahili, na yeye akaiinua. Kisha anakutana na Storm, anaona si haki kupigana na silaha ile, anaiweka chini. Umefikiri kwa nini waandishi walimpa nyundo halafu wakamnyang'anya? Kura ilikuwa imeshaamua ataanguka, sasa wanamtafutia heshima ya kuangukia. Ni kama bibi harusi anayepambwa sana kwa sababu mume si wa kumchagua. Halafu radi, radi, na mtu chini. Wewe unalalamika kwamba Wonder Woman kaonewa, na mimi nasema aliyeonewa ni Storm. Mwanamke anayeweza kugeuza upepo wa nchi nzima kapewa kurasa chache na ushindi unaonuka huruma ya mpinzani. Mpaka leo watu wa upande wako wanasema, "Lau asingeweka nyundo." Ushindi gani huo?

Binti wa kaka yangu, yule wa kidato cha tatu, hataki kusikia yote haya. Kwake yeye Storm ni Mkenya, mambo yamekwisha. Na kweli mama yake ameandikwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, baba Mmarekani mpiga picha, na Storm akabaki yatima Cairo. Alipotokea mara ya kwanza kabisa, mwaka 1975, kwa kalamu ya Len Wein na michoro ya Dave Cockrum, Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, alikuja kumchukua hapa hapa Kenya, ambako watu walikuwa wanamwabudu kama mungu wa mvua. Nilimwambia binti, haya, niambie ni wapi Kenya hapo. Hakuna mji, hakuna gari, hakuna duka, miaka kumi na zaidi baada ya uhuru. Ni Kenya ya mtu aliyekaa New York akafumba macho. Akanijibu, "Shangazi, hata wakikosea nyumba, mtoto ni wetu." Sikuwa na la kusema. Mimi mwenyewe, ningepewa kura mwaka ule, ningempigia Storm, kwa sababu hiyo hiyo isiyo na maana.

Ndiyo maana nasema kura iliharibu kitabu. Angalia Wolverine na Lobo. Hao wawili hawafi, majeraha yao yanajifunga wenyewe, wasomaji waliwasubiri kuliko wote. Kura ikampa Wolverine. Sasa uandike vipi Wolverine anampiga mtu anayeweza kupambana na Superman? Waandishi wakawaangusha nyuma ya kaunta ya baa, hatuoni kitu, kisha Wolverine anainuka peke yake. Hapo wewe umeandika "hahaha" na mimi sikucheka hata kidogo. Nimeona hilo ni la mwanafunzi aliyefika kwenye hesabu ngumu akamwaga wino juu ya daftari. Na Batman? Wanapigana na Captain America kwenye mitaro ya maji machafu, muda unapita, hakuna anayemweza mwenziwe, mpaka maji yanamsomba Captain na Batman anamtoa asizame. Hilo nimelipenda kidogo, kwa vile anayeshinda ndiye anayeokoa. Lakini bado ni maji yaliyoamua.

Waandishi walikuwa wawili, Peter David na Ron Marz, na wachoraji Dan Jurgens na Claudio Castellini. Peter David ndiye aliyekuwa akimwandika Hulk kwa miaka mingi, toka 1987. Fikiria analetewa matokeo: mtoto wako ameshindwa, haya andika mwenyewe alivyopigwa. Nadhani nusu ya ubaya wa mapambano yale matano ni uchungu wa aina hiyo.

Sasa njoo kwenye yale sita waliyoamua wao. Hapa ndipo nyumba ilipopiga kelele. Unakumbuka Aquaman na Namor, wafalme wawili wa baharini. Aquaman wa wakati ule ana nywele ndefu, ndevu, na ndoana mahali pa mkono. Wanapigana, na mwisho Aquaman anamwita nyangumi, nyangumi anaruka kutoka majini na kumwangukia Namor. Basi! Shemeji yangu mvuvi alikitazama kile kitabu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitabu chochote. Akasema haiwezekani. Mimi nikadhani anakataa nyangumi kuitwa, kumbe hilo halikumsumbua kabisa. Kilichomkera ni Namor. "Huyu si mtu wa bahari? Nyangumi anakuja chini yake hajui? Maji yanabadilika, samaki wadogo wanakimbia, mnyama mkubwa vile hajifichi. Mtu wa bahari anaangukiwa vipi na nyangumi?" Nyinyi mnaopitiwa nao hapo Watamu miezi hii ya kusi mtamjibu vizuri zaidi. Mimi nilimpa jibu jengine: Peter David huyo huyo ndiye aliyekuwa akiandika kitabu cha Aquaman miaka ile, na ndoana ile ni ya kitabu chake. Mwamuzi ni baba mzazi. Shemeji akaridhika papo hapo. "Ah. Basi ndio."

Kumbe Peter David si peke yake. Ron Marz alikuwa ameandika Silver Surfer miaka kadhaa, na ndiye aliyemwandika Green Lantern mpya mwaka 1994. Hawa wawili wakapambanishwa. Yaani alikuwa na mtoto kila upande, na Silver Surfer akashinda. Pambano hilo sikulijali nilipolisoma mara ya kwanza. Baada ya kujua hivyo nililirudia.

Flash na Quicksilver, Thor na Captain Marvel, Catwoman na Elektra, haya, yamepita. Robin na Jubilee ndio binti wa kaka kawasoma mpaka kurasa zinalegea, maana wanaanza kupendana katikati ya vita, na amenikataza nisiseme lolote baya juu yao. Sisemi.

Bila shaka mzee aliuliza kuhusu Fumo Liyongo. Lamu hakuna mazungumzo ya majabari yasiyofika kwake. Angewekwa upande gani, na nani angempigia kura. Nikamwambia Liyongo hana haja ya kampuni. Akanyamaza, lakini naona ameliweka moyoni, atalipeleka Mkunguni kwa wenziwe na litarudi limekuwa kubwa.

Mwishoni mwa sehemu ya tatu, walimwengu wawili wanachanganywa kuwa mmoja na majabari wanaunganishwa wawili wawili: Batman na Wolverine wanakuwa Dark Claw, Spider-Man na Superboy wanakuwa Spider-Boy. Wewe hapo hukuandika kitu, nikashangaa. Hujui kwamba kampuni zilitoa vitabu vidogo vya hao mchanganyiko mwaka ule ule? Kimoja kinaitwa Amazon, cha John Byrne, na humo Wonder Woman ni Storm. Ororo mwenyewe, ndilo jina lake Storm, amelelewa na Waamazoni, wale wanawake wapiganaji wa kwao Wonder Woman. Somo, wale wawili uliokasirikia wamekuwa mtu mmoja! Kwenye mkusanyiko huu ulionitumia hakimo, na mimi naona hicho ndicho kilichostahili kuchapishwa pamoja na pambano lao, kabla ya vyengine vyote.

Umeniuliza kama kile kingine cha Justice League, kundi la majabari wa DC, na Avengers, kundi la Marvel, kinafaa kuliko hiki. Nilikisoma Mombasa kwa binamu yangu. Kinafaa, tena sana. Ni kazi ya Kurt Busiek na George Pérez, kilitoka 2003 mpaka 2004, sehemu nne pia, na hakuna aliyepiga kura. Pérez alikuwa ameshaanza kukichora miaka ya themanini mwanzoni, kampuni zikagombana, kikafa, akasubiri karibu miaka ishirini. Michoro yake inaonyesha njaa ya miaka hiyo: amejaza kila jabari aliyewahi kuandikwa, mpaka unatafuta miwani. Na humo Batman na Captain America wanakutana tena. Wanapigana kidogo tu, kila mmoja anampima mwenziwe, wanaona itawachukua muda mrefu sana na kuna kazi ya kufanya, wanaacha. Kurasa chache zile zinanieleza habari za watu hao wawili kuliko mtaro wote wa maji machafu. Mwandishi hakuwa na matokeo ya kuyatetea.

Tatizo ni kukipata. Kilikaa miaka bila kuchapishwa, kikarudi 2022 kwa nakala 7,000 tu, kwa ajili ya shirika la hisani la Hero Initiative, Pérez akiwa mgonjwa wa saratani. Alifariki Mei mwaka huo huo. Nakala ya binamu ni ile ya zamani, na haitoki nyumbani kwake hata kwa kiapo. Lakini wewe anakuogopa. Ukienda Mombasa kwenye ile harusi, pita kwake Kibokoni, kaa sebuleni, usiombe kitu, sema tu umesikia kwamba Superman humo anashika ngao ya Captain America na nyundo ya Thor kwa pamoja na wewe huamini. Atakitoa mwenyewe.

Kitabu chako nitakirudisha na kondakta yule yule, binti akiachana na Robin. Mama mpe salamu zangu nyingi, mwambie korosho zilifika na zimeliwa.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako