Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili, Hoima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana Hoima, na karibu shuleni kwetu. Tunajua leo tarehe 7 Julai ulikuwa na mialiko mingine, maana siku hizi Siku ya Kiswahili ina wenyewe wengi. Kuja kwetu ni heshima kubwa, nasi tumejiandaa kadiri ya uwezo wetu. Kundi la ngonjera linasubiri zamu yake, chakula kiko jikoni, na sisi wa risala tumepewa dakika kumi ambazo Mwalimu Mlezi anazihesabu kwa saa yake ya mkononi.

Chama chetu kina wanachama 31. Tunakutana kila Ijumaa baada ya vipindi katika maabara ya kemia, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisicho na watu saa hizo. Tulipoanza, wapo waliotucheka kwamba tunajifunza lugha ya wanajeshi. Hatuna ugomvi nao. Wawili kati yao leo ni wanachama, na mmoja ndiye mweka hazina wetu.

Mgeni Rasmi, risala hutaja mafanikio, zikafuata changamoto, kisha maombi. Yetu nayo ina hayo, lakini tunaomba ruhusa tuyaweke mwishoni na tuyapitie haraka. Muhula huu wote tumekuwa na kitabu kimoja kichwani, na tungekudanganya kama tungesimama hapa tukazungumza habari nyingine.

Kitabu chenyewe ni Heart of Darkness cha Joseph Conrad. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi tunakijadili kwa Kiswahili. Ijumaa ya kwanza iliisha hatujafungua ukurasa, tukibishania jina. Wengine walisema ni Moyo wa Giza. Wengine wakasema moyo ni wa mtu, giza halina moyo, basi kiitwe Kitovu cha Giza. Wa moyo wakajibu kwamba hiyo ndiyo maana yake hasa: giza limo ndani ya mtu, halimo msituni. Kura zilipigwa, moyo ukashinda kwa kura mbili.

Tulikuwa na nakala nne, tatu kati yake zimetolewa fotokopi katika duka moja mjini, na huko wakaruka kurasa. Kwa bahati mbaya kurasa zilizorukwa ndizo zenye neno la mwisho la mhusika aitwaye Kurtz kabla ya kufa. Nakala nzima ilikuwa kwa Mwalimu wa Fasihi, naye alikuwa safarini. Kwa wiki mbili nusu ya chama ilikuwa inakisia alichosema. Mmoja aliweka dau la chapati kwamba aliomba msamaha. Chapati ile alishaitoa.

Kwa wasiokisoma: baharia aitwaye Marlow anaajiriwa na kampuni ya Ulaya inayotafuta pembe za ndovu. Anapewa meli ndogo ya mvuke, anapanda mto mkubwa kumfuata wakala aitwaye Kurtz, ambaye kila amtajaye anamsifu. Kurtz ni msomi, mchoraji na msemaji hodari. Ameandika ripoti ya kurasa 17 juu ya kuwastaarabisha Waafrika, na mwishoni ameongeza kwa mkono wake kwamba mahayawani wote hao waangamizwe. Marlow anapoikaribia nyumba yake anaona miti imesimikwa mbele yake, na juu ya miti hiyo kuna vichwa vya watu.

Mto hautajwi jina, wala nchi. Lakini Conrad mwenyewe alipanda Mto Kongo mwaka 1890, akafika Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Wakati huo nchi ile nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Aliishika tangu 1885 mpaka 1908 na hakuikanyaga hata siku moja. Conrad naye hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi iliyokuwa chini ya Warusi, na akiwa mtoto mdogo alipelekwa uhamishoni pamoja na wazazi wake kwa sababu ya siasa za baba. Kutawaliwa alikujua. Tuliposoma habari hiyo tulimhurumia, kisha tukamkasirikia zaidi. Utatueleza wewe, Mgeni Rasmi, kama hiyo ni haki.

Sasa tufike pale palipotukwamisha kwa Ijumaa tatu.

Karibu na kituo cha kwanza Marlow anaingia kwenye kivuli cha miti akakuta wafanyakazi waliochoka na kuugua, wameachwa hapo wafe. Mmoja ni kijana. Marlow anampa biskuti ya meli. Shingoni mwa kijana kuna uzi mweupe. Marlow anajiuliza: ni alama, ni pambo au ni hirizi? Na ameutoa wapi? Akishajiuliza hivyo anaondoka zake.

Mwenzetu wa kidato cha tano, ambaye nyumbani kwao ni upande wa Bunia, Kongo, na sasa familia yake iko katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, alifunga kitabu akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Juu ya nini hakumuuliza?" Yaani, kwa nini.

Maabara ilinyamaza. Mmoja akajibu kwamba hakujua lugha. Mwingine akasema angejaribu Kiswahili. Mwalimu Mlezi akaturekebisha kwamba huko chini ya mto ni Kikongo, na Kiswahili ungekikuta juu kabisa, Stanley Falls. Tukarudi kitabuni kuhesabu. Katika hadithi yote Waafrika wanasema maneno ya kueleweka mara mbili tu. Mara moja mabaharia wa meli wanataka wapewe maadui wawale. Mara nyingine mtumishi anatoa kichwa mlangoni kutangaza kwamba Kurtz amekufa. Waliobaki wanapiga kelele, wanaugua, wanabeba mizigo, au wanatazama.

Na hao mabaharia, Mgeni Rasmi, mshahara wao ulikuwa vipande vitatu vya waya wa shaba kwa wiki, kila kimoja kama inchi 9, ati wakanunulie chakula vijiji vya kandoni. Lakini mara hapakuwa na vijiji, mara watu wake walikuwa maadui, mara mkuu wa safari hakutaka meli isimame. Nyama yao ya kiboko ilioza ikatupwa mtoni. Conrad anashangaa ni kitu gani kilichowazuia watu wenye njaa namna ile wasiwageukie wazungu wachache waliokuwa nao. Msichana mmoja wa chama, ambaye mama yake anauza samaki wadogo waitwao muziri mwaloni Kaiso, Ziwa Albert, alitoa hukumu yake fupi: waya ule usingemnunulia hata mkia.

Tulipofika habari za Stanley Falls tulitaka kujivuna kidogo. Kiswahili kilikuwa kimefika huko kabla ya Conrad. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikubali kuwa gavana wa hapo chini ya Leopold. Basi tukaanza kusema, tazama, lugha yetu ilikuwepo, watu walikuwa na maneno, Conrad ndiye aliyekuwa kiziwi. Mwenzetu wa Bunia akatukata kauli. Alisema Kiswahili hicho kilipanda mto na misafara ya pembe na ya watumwa. Tippu Tip aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili, tunaweza kuisoma leo. Waliobeba pembe zake hawakuacha neno. Tangu siku hiyo tumepunguza majigambo. Hata ngonjera mtakayoisikia baadaye ilikuwa na ubeti wa kukisifu Kiswahili kuwa hakina doa. Tumeutoa.

Kuna tarehe moja pia iliyotutoa darasani. Hadithi hiyo ilichapwa kwanza katika jarida la Uingereza lililoitwa Blackwood's, kwa sehemu tatu, Februari, Machi na Aprili 1899. Tarehe 9 Aprili 1899 Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro yetu hii, alikamatwa na Waingereza huko Lango, kaskazini mwa Uganda, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, akiwa amejeruhiwa kwa risasi, na mkono wake ukakatwa. Walipelekwa Ushelisheli. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kuiona tena Bunyoro. Tulikwenda Mparo kwa miguu Jumamosi moja, tukasimama kaburini pake. Msomaji wa London mwezi ule wa Aprili angemaliza sehemu ya tatu akidhani amesoma habari za bara lisilo na majina, na siku hizohizo jeshi la nchi yake lilikuwa linamfunga mtu mwenye jina, ufalme na jeshi lililopigana nao tangu mwisho wa 1893.

Tulisoma pia kwamba mwaka 1975, huko Marekani, mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alitoa mhadhara akamwita Conrad mbaguzi wa rangi bila kumung'unya maneno. Ni Achebe huyohuyo aliyekuja Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi. Chama kiligawanyika. Wanaomtetea Conrad wanasema yeye ndiye aliyeandika kwamba hata Mto Thames uliwahi kuwa mahali pa giza Warumi walipoufikia, na kwamba alianika unyama wa Leopold wakati wengi Ulaya wakimsifu. Wanaompinga wanauliza tena habari ya uzi. Ukitaka msimamo wa wengi wetu ni huu: aliuona wizi akauita wizi, lakini walioibiwa hakuwaona sawasawa.

Mgeni Rasmi, Mwalimu Mlezi ameanza kukohoa, kwa hiyo mengine tunayataja tu. Mafanikio: tumetafsiri kurasa tatu za kitabu hiki, zile za kivuli cha miti, na nakala yake iko mezani pako. Changamoto: shule ina mwalimu mmoja wa Kiswahili kwa madarasa yote, kamusi ni mbili, na moja haina jalada wala herufi A.

Maombi yetu ni matatu. Tunaomba utusaidie kupata kamusi, hata zilizotumika. Tunaomba utusemee kwa wahusika tupate mwalimu wa pili. Na tunaomba, wakati wa chakula, utuamulie neno la mwisho la Kurtz, "The horror! The horror!", kwa sababu tafsiri yake imetushinda. Wengine wameandika "Inatisha! Inatisha!" Wengine "Balaa! Balaa!" Mwenzetu wa Bunia anasema mtu anayekufa hawezi kutafuta neno zuri, na ameacha nafasi tupu.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili.