YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAKETI ZA ZIADA MLIZOFUNGA KWENYE LAND ROVER 109

Ndugu Meneja,

Naandika kuhusu Land Rover 109 Series III, pikapu, niliyoileta kwenye karakana yenu hapa Arusha ili mfunge saketi tatu za ziada: taa nne za mbele, friji ya kambi na betri ya pili. Mlinikabidhi gari, nikalipa pesa zote. Muda mfupi baadaye, usiku, lilizimika ghafla tukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Mke wangu na mtoto walikuwa pembeni yangu na nyuma yetu kulikuwa na lori la mizigo. Injini haikukohoa wala kupoteza nguvu. Ilikata tu, papo hapo.

Injini ya gari hili si ile iliyotoka nayo kiwandani. Ilishabadilishwa ikawekwa dizeli ya 200Tdi, na mlilijua hilo maana mliliandika wenyewe kwenye kadi ya kazi. Dizeli ya namna hii ikishawaka, umeme inaouhitaji ili iendelee kuunguruma ni ule tu wa vali ya sumaku kwenye pampu ya mafuta. Umeme ukikatika hapo, vali inafunga, mafuta hayapiti, injini inazima. Sasa waya huohuo wa vali ndio fundi wenu aliouchubua akaunganishia waya wa friji. Friji ilipovuta umeme fyuzi ikaungua, na vali ikafunga.

Katika gari zima, ule ndio waya ambao haukupaswa kuguswa kabisa. Makadirio yenu yanasema “saketi tatu zinazojitegemea”, na hayo ndiyo niliyolipia.

Tulipofika nyumbani nilimwita fundi mwingine, tukafungua dashibodi na kufuata nyaya moja baada ya nyingine. Tuliyoyakuta yalinisikitisha kuliko hata kuzimika kwa gari.

Taa nne za wati 55 ni wati 220, yaani zaidi ya ampea 18 kwenye volti 12. Makadirio yanataja waya wa 4mm. Uliofungwa ni wa 1.5mm, tena mmoja kwa taa zote nne, na juu yake fyuzi ya ampea 30. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya, hitilafu ikitokea waya ndio utakaoungua, na fyuzi itabaki nzima. Pale waya unapopita kwenye ukuta kati ya injini na kebini hamkuweka mpira. Bati limeshakata plastiki, shaba inaonekana kwa macho. Athi, yaani waya unaorudisha umeme betri kupitia bodi ya gari, nayo imefungwa kwa skrubu juu ya rangi, bila kukwangua mpaka kwenye bati. Tulipopima injini ikiwaka, betri ilikuwa na volti 13.9 na taa zilipata 11.9. Kwa balbu za halojeni, hiyo ni kupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga, na mwanga ndio ulionileta kwenu.

Betri ya pili ndiyo hatari kubwa zaidi. Kebo nene inayoiunganisha na ya kwanza inapita chini ya kiti, juu ya tangi la dizeli, na haina fyuzi upande wowote. Kebo hiyo ina chanzo cha umeme kila mwisho, kwa hiyo inahitaji fyuzi kila mwisho, karibu kabisa na betri. Ikigusa bati popote njiani hakuna cha kuizuia kuwaka moto, hata kama ufunguo wa gari uko mfukoni mwangu.

Series III zilianza kutengenezwa mwaka 1971, na umeme wake ulipangwa kwa ajili ya taa zake za kawaida, waipa, honi na vitu vichache vya aina hiyo. Kwa sababu hiyo, chochote cha ziada lazima kitoke betri kwa njia yake, na fyuzi yake na relei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), bila kuegemea nyaya za zamani. Gari hili lilikuwa la marehemu baba yangu. Nililileta kwenu kwa sababu mlinihakikishia mnayajua magari haya.

Naomba mtoe nyaya zote mlizofunga na kuzifunga upya kwa gharama zenu, kama makadirio yanavyosema, kisha mnipe mchoro unaoonyesha kila waya, unene wake na fyuzi yake. Kama hamwezi, nirudishieni pesa zote pamoja na gharama ya fundi aliyetusaidia Karatu. Naomba pia muwaite wateja wengine waliofungiwa betri ya pili na fundi huyohuyo, magari yao yakaguliwe.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani, pamoja na picha na nakala ya makadirio yenu. Waya uliochubuliwa na fyuzi iliyoungua nimevihifadhi.

Wako,
Mmiliki wa gari,
Arusha