Kidole cha Godlisten

Marangu, 24 Machi

Mangi Aminieli,

Shimbonyi. Natumaini u mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku hatujambo. Masika yameanza kwa nguvu, migomba imenyanyuka, na ile njia ya kushukia mtoni imebomoka tena palepale unapopajua. Baba Gladi amepata mjukuu wa kiume. Basi salamu ziishie hapo, maana sote wawili tunajua kwa nini nimekaa kuandika.

Wiki ya tatu hii hupokei simu yangu. Natuma ujumbe, naona umesoma, kimya. Sikulaumu. Lakini najua habari ya mdogo wako Godlisten kule Kilimanjaro imekufikia kwa Mama Neema, na Mama Neema hata geti la Machame hajawahi kulifika. Nataka uisikie kwangu mimi niliyeongoza safari ile, pamoja na yale yasiyonipendeza kuyasema.

Tulianza kupanda tarehe 26 Februari. Wageni wanne, Waholanzi, njia ya Machame, siku sita. Nilimwambia mwenye kampuni kwamba bora ziwe saba, ile siku ya kulala kambi ya Karanga inampa mtu nafasi ya kuzoea hewa. Akasema wamelipia sita. Godlisten alipimiwa mzigo getini, kilo 20 kamili, mbali na begi lake la nguo. Hapo hakuna aliyemdhulumu. Viatu nilimwazima vyangu vya zamani, soksi nikampa jozi tatu. Siku ya kwanza msituni alikuwa na maneno huyo! Anawasimulia wenzake habari za Mzee Lauwo na kina Meyer, wale wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889, kama vile yeye ndiye aliyewabebea hema, mpaka Kibonge akamwambia nyamaza mdogo wangu, pumua. Tulicheka. Nikajisemea, huyu ataweza, ana moyo wa kaka yake.

Sasa sikiliza jambo linaloninyima usingizi.

Unakumbuka siku zetu hakukuwa na kile kidude cha kubana kidoleni, kipima oksijeni. Siku hizi hupandi bila hicho. Kila asubuhi na kila jioni naingia hema la kulia, nawabana wageni vidole mmoja mmoja, naandika kwenye daftari: oksijeni, mapigo ya moyo, umelala vipi, umekula, umetapika, kichwa kinauma kiasi gani. Yule mrefu kati yao alikuwa akiona namba imeshuka kwa mbili tu anaanza kuhangaika, namtuliza. Kuanzia jioni ya kwanza Machame hadi jioni ya Barafu ni mara saba, wageni wanne. Nimelifungua daftari baada ya kurudi nikahesabu. Mara 28 nilibana kidole cha mgeni. Kidole cha Godlisten, hata mara moja. Cha Kibonge, cha mpishi, cha wale vijana 14, hata mara moja. Nao walilala kwenye baridi ileile, tena wamebeba, na walikula mara chache kuliko wageni.

Watu wanadhani sisi tuliozaliwa chini ya mlima haitupati. Wageni wanadhani hivyo, na sisi wenyewe tunajidanganya hivyohivyo. Nyumbani kwetu si juu kiasi hicho, Aminieli. Na Godlisten alikuwa ametoka kwako Dar wiki moja tu kabla, mwaka mzima yuko dukani Kariakoo usawa wa bahari. Hilo nililijua. Sisemi ulikosea kumtuma. Nasema mimi nililijua na sikulipa uzito.

Siku ya nne tulitoka kambi ya Barranco hadi kambi ya Barafu kwa mkupuo mmoja. Barafu ni mita 4,673 na hakuna tone la maji, unajua. Maji ni ya Karanga, bondeni. Wagumu, wapagazi wetu, walipofika wakatua mizigo, wakasimamisha mahema, halafu wanne wakarudi Karanga na madumu. Mmoja wao Godlisten. Hakuna aliyemlazimisha, alinyoosha mkono mwenyewe, na mimi nilikuwa naandaa wageni kwa ajili ya usiku, sikutazama ni nani anaenda. Kwa hiyo siku ile alipanda Barafu mara mbili, mara ya pili na dumu la lita 20 kichwani. Kibonge aliniambia baadaye kwamba njiani kijana hakusema neno. Yule msimulizi wa hadithi za Lauwo, hata neno moja.

Saa tano usiku tukaamsha wageni wanywe chai kabla ya kuanza kupanda. Godlisten ndiye aliyeleta maji ya moto. Nikamwona ameinama anafunga kamba ya kiatu. Akafunga, ikafunguka. Akafunga tena, vidole vinapishana na kamba. Mara ya tatu akaiacha, akasimama, akashika nguzo ya hema. Nikamwita nje. Nikachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo yangu, nikamwambia tembea hapa, kisigino kiguse kidole. Hatua ya pili akaenda upande kama mtu aliyemaliza kata nne za mbege. Nikamdaka. Nikambana kile kidude: 58. Yule Mholanzi mrefu jioni ile alikuwa na 79 na akaona kama anakufa.

Unajua aliniambia nini? "Kichwa kidogo tu, kaka. Usinishushe. Zimebaki siku mbili."

Siku mbili. Na wewe ulishawahi kuzihesabu siku mbili hizo, usiniambie umesahau. Mgumu akishushwa siku ya nne analipwa siku nne, na bakshishi inayogawanywa siku ya mwisho getini haioni. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu kambi ya Shira, siku ya pili! Ameficha siku mbili nzima kwa sababu alitaka kurudi na pesa kamili. Mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba mgumu halalamiki. Nilimfundisha getini, nikicheka.

Nikampa dawa iliyomo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, ile ya ubongo ukivimba. Nikachukua mtungi wa oksijeni. Mtungi ulikuwa mmoja tu, Aminieli, na kwa karatasi za kampuni ni wa wageni. Nikaingia hemani nikawaeleza: kijana wetu anaumwa, mtungi unashuka naye, nyinyi mkipanda mnapanda bila mtungi, na atakayeona dalili yoyote tunageuka hapohapo bila ubishi. Yule mrefu akavua jaketi lake la manyoya akasema mpelekeeni na hili. Sitamsahau yule mtu. Askari wa hifadhi wakatoa machela, ile ya gurudumu moja katikati, na mmoja wa wasaidizi wangu akashuka na Godlisten pamoja na Kibonge na wengine watatu, usiku, kwa njia ya Mweka. Unazijua ngazi zile za mawe. Gurudumu linadunda, wanne wanashikilia, mmoja anamulika.

Na mimi nikapanda.

Hapa ndipo nilitaka ufike. Mama Neema amesema nilikuwa naye nikamshikilia mkono mpaka hospitali. Si kweli. Nilisimama nikaangalia taa zao zikishuka kona ya kwanza, kisha nikageuka nikawaambia wageni twende, polepole. Nilibaki na msaidizi mmoja na wageni wanne, na kazi yangu ni kuwafikisha na kuwarudisha. Mtu yeyote wa mlima atasema nilifanya sawa, nami nadhani nilifanya sawa. Lakini mimi ndiye niliyekuambia kwenye simu, "Atakuwa machoni pangu." Usiku mzima kila nikigeuka kuwaangalia wageni nilikuwa natafuta taa chini, nikijua haziwezi kuonekana tena. Jua lilituchomozea Stella, ukingoni mwa kreta. Mawenzi ilikuwa nyeusi chini yetu na wingu limejaa kama maziwa kwenye kibuyu, wageni wanalia kwa furaha, wananikumbatia. Tukafika Uhuru, kileleni. Sijui nimefika pale mara ngapi, lakini siku ile sikuona kitu. Nilikuwa nahangaika na simu, natafuta mtandao.

Ujumbe ulikuja wakati tunashuka: "Tulipofika kambi ya Millennium ameomba maji. Ameuliza viatu vya kaka viko wapi." Nilikaa chini kwenye changarawe. Wageni wakadhani ni mimi sasa ninayeumwa.

Yaliyofuata umeyasikia. Kushuka ndiyo dawa, hakuna nyingine inayoizidi. Kadiri walivyoshuka ndivyo akili ilivyomrudia. Hospitali alikaa siku mbili. Leo ni mzima, anakula mtori kwa mama, juzi nimemwona anakata majani ya ng'ombe. Anasema Juni msimu ukifunguka anarudi mlimani. Mimi nilipomsikia nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Mwenye kampuni aliniita. Swali lake la kwanza halikuwa kijana yuko wapi. Lilikuwa, mtungi wa wageni ulishukaje na mpagazi? Nikamwambia nilibeba mtungi kwa ajili ya mtu atakayeuhitaji, na aliyeuhitaji alikuwa yule. Tangu hapo sijaitwa safari, na msimu ndio huo umefungwa. Sawa. Nimempa Godlisten siku zake mbili kutoka mfukoni mwangu na wale Waholanzi walimtengea bakshishi yake, nimeifikisha kwa mama mwenyewe.

Halafu nikakukumbuka wewe. Mwaka 2009, njia ya Marangu, kwenye ule uwanda kati ya Mawenzi na Kibo, tumeshapita maji ya mwisho, mimi kichwa kinapasuka, naona mawe mawili pale palipo na moja. Uliniuliza, nikasema mzima. Hukuniamini. Ulichukua ule mfuko wa unga kutoka kichwani kwangu ukauweka juu ya mzigo wako, ukatembea hivyo mpaka kambi ya Kibo bila kumwambia kiongozi. Kwa miaka yote hii nimeisimulia hadithi hiyo kama ushujaa wako, na ni ushujaa kweli. Lakini juzi nimelala nikaiona upande mwingine. Tulificha, Aminieli. Wote wawili. Ungemwambia kiongozi angenishusha, na ningeshuka na nusu ya pesa. Tukachagua kuficha, Mungu akasaidia. Sasa kijana amejifunza kwa nani, kama si kwetu?

Kwa hiyo nimeamua. Safari yoyote nitakayoongoza, wagumu wote watabanwa kidole jioni kama wageni, na majina yao yaandikwe kwenye daftari lilelile. Nimewaambia wenzangu kwenye kikao. Mmoja akasema mgumu haumwi, wakacheka. Wengine wawili walinifuata baadaye nje wakaniuliza kidude kinauzwa bei gani. Lakini kidole peke yake hakitoshi, mtu anaweza kukupa kidole na bado akakuficha kichwa. Nataka anayeshushwa kwa ugonjwa alipwe siku zake zote kama waliomaliza, ili asiwe na sababu ya kuficha. Hilo ndilo gumu, kwa sababu hilo ni pesa ya mtu. Nimewaza tuchange wenyewe, kila mmoja akate kidogo kwenye bakshishi tuweke kwenye kikoba, yeyote akishushwa apewe. Bado sijajua nani atashika hizo hela. Kibonge amejitolea, lakini Kibonge na hela unajua.

Hapa ndipo nakuomba. Vile vidude tangu kipindi cha korona vimejaa madukani Kariakoo, na huku Moshi vinauzwa bei ya juu. Niangalizie vitatu, vile vinavyosoma haraka hata kidole kikiwa cha baridi, uweke kwenye basi, nitalipia. Na ukipita Karume penye mitumba, viatu vya mlima namba 43, soli nene. Si vyangu. Sikwambii ni vya nani mpaka uniambie unavyoona.

Maana swali kubwa ni lako. Nimwache arudi Juni, au nimkatae? Nikimkataa atakwenda na kampuni nyingine, na huko nani atamchorea mstari kwenye vumbi? Nikimchukua, mama yako ataniangaliaje? Je, kweli amekuambia hataki nikanyage kihamba chake, au hilo nalo ni la Mama Neema? Ulipokaa naye Dar, alikuwa akilalamika kifua au kichwa, chochote? Dukani kuna kazi ya kumrudishia au umeshamweka mtu? Na wewe mwenyewe, umenikasirikia kwa sababu nilipanda, au kwa sababu sikumpima? Niambie ni lipi. La kwanza naweza kukueleza. La pili sina maelezo.

Jumapili nikitoka kanisani nakwenda kwa mama yako. Nimeshakata sale, jani letu la kuombea radhi, limelala kwenye beseni la maji hapa barazani. Ungempigia Jumamosi ukamwambia nakuja, ningeshukuru sana.

Wako,
Eliakimu