Kadi za harusi zinatunyima raha

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Juzi nimeletewa kadi ya mchango wa harusi: mtu mmoja shilingi 50,000, wawili 100,000, na namba ya kutumia pesa imekolezwa wino.

Wateja wangu wanashona sare kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Mama mmoja alikuja kujaribu gauni, simu ya mdai ikawa inaita mfululizo. Nikambana kiuno kwa pini mbele ya kioo. Hakujitazama hata kidogo. Pesa yake nimepokea, sikatai, lakini sherehe gani hiyo?

Bhutan, nchi ndogo na si tajiri, mfalme wao alitamka tangu miaka ya 1970 kwamba furaha ya raia ni muhimu kuliko pato la taifa, na Katiba yao ya 2008 ikaitaja. Sisi jirani akinunua gari, tunahisi tumedhulumiwa!

Naziomba kamati za harusi zifute viwango. Pilau lipikwe uani, watu waje na walichonacho. Sare zikikosekana, nitashona mapazia.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga